Injini Iliyozima Siku ya Sita Baada ya Sevisi

Karoti za loji huoshwa mara mbili. Mara ya kwanza shambani, kutoa udongo. Mara ya pili nyumbani, kwenye karai la maji safi, moja moja, mpaka zing'ae. Cresensia aliijua kazi hiyo vizuri. Yeye na mume wake Wilibrodi walikuwa wakulima wa mboga huko Rhotia, wilaya ya Karatu. Watu walimwita Mama Fabian, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Kila Jumanne na Ijumaa walipakia mboga kwenye gari lao dogo la mizigo, lile ambalo watu huliita kirikuu. Cresensia ndiye aliyekuwa dereva. Wilibrodi hakuwahi kujifunza kuendesha. Alisema jembe linamtosha. Cresensia alipita Karatu mjini, akapanda barabara ya geti la Ngorongoro, kisha akaingia njia ya vumbi kati ya mashamba ya kahawa. Huko kulikuwa na loji tatu za watalii zilizonunua mboga zao.

Gari lilikuwa jipya. Walilinunua Arusha miezi saba nyuma. Muuzaji aliwapa kitabu cha gari na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Aliwaambia wafanye sevisi kwenye gereji zilizoandikwa kwenye kitabu tu. Gereji moja ilikuwa hapo hapo Karatu, ya bwana mmoja aliyeitwa Vedasto.

Jumamosi moja Cresensia alipeleka gari kwa Vedasto. Mafundi walimwaga oili ya zamani, wakaweka mpya. Wakabadilisha na filta, ile inayochuja uchafu wa oili. Cresensia alikaa kwenye benchi la nje akisubiri. Baadaye akapewa risiti, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata alikuwa anapanda kilima cha mwisho kabla ya loji. Injini ikaanza kugonga. Ikagonga kwa nguvu zaidi, kisha ikazima. Alijaribu kuwasha. Haikugeuka hata kidogo. Watu wa loji walishuka kuchukua mboga zao kwa mikono. Lori lililokuwa linarudi tupu likalivuta gari hadi Rhotia.

Wilibrodi alimuuliza mke wake ilikuwaje. Cresensia alisema injini iligonga ikazima, basi. Hakusema zaidi.

Jumatatu Wilibrodi alikwenda kwa Vedasto. Gari lilikuwa lao wote wawili, lakini mwanaume ndiye anayesikilizwa gereji, hivyo ndivyo alivyoamini. Vedasto alimpokea vizuri. Akamwambia kwamba sevisi ilifanyika sawasawa. Injini ya gari jipya ikifa, kosa ni la kiwandani. Aende kwa muuzaji, waranti ipo.

Jumanne Wilibrodi alimpigia simu muuzaji Arusha. Dada aliyepokea alimsikiliza, kisha akasema waranti hailipii makosa ya sevisi. Gari lilitoka gereji juzi tu, kwa hiyo aende gereji. Wilibrodi akasema gereji ndiyo iliyomtuma kwake. Dada akasema anaelewa, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano asubuhi akapita kwa Hhando, fundi wa matrekta pale kijijini. Hhando akamwambia asipoteze muda na watu wa mjini. Atafute injini iliyotumika, yeye ataifunga, maisha yaendelee.

Wilibrodi alirudi nyumbani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Watu watatu, maneno matatu. Kila mmoja alipoongea, alimwona ana haki. Alipotoka kwake, hakujua tena ameambiwa nini. Shambani saladi zilikuwa zinaanza kutoa maua. Mpishi wa loji moja alikuwa amepiga simu mara mbili. Alisema akikosa mboga tena Ijumaa, atamtafuta mkulima mwingine.

Jioni hiyo alikuja Nanyokie kuchukua maziwa. Nanyokie alikuwa jirani yao. Kwao ni Malambo, upande wa Ngorongoro, lakini alikuwa amepanga Rhotia kwa sababu ya kazi. Alifanya kazi kwenye kampuni moja ya utalii. Hakuendesha gari wala kushika spana. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya magari: sevisi, bima, waranti. Siku zote alikuja, akapokea chupa yake, akaenda. Siku hiyo aliona uso wa Wilibrodi akauliza kuna nini.

Wilibrodi alimweleza yote. Mwishoni akasema afadhali Vedasto, maana alikuwa amepiga simu mchana. Kesho asubuhi angekuja kulivuta gari, aifungue injini bure na kuangalia kilichoharibika.

"Baba Fabian, umeshamkubalia?" Nanyokie aliuliza.

"Nimemwambia aje. Ni bure."

"Mpigie umwambie asubiri. Simsemi kwa ubaya. Lakini injini hiyo ndiyo shahidi wako. Akiifungua peke yake, wewe utabaki na maneno tu."

Wilibrodi hakuelewa. Alisema kama muuzaji hataki na gereji haitaki, shahidi wa nini tena?

Nanyokie akaketi. Akasema kule kwao Malambo, ng'ombe akifa siku chache baada ya kuchanjwa, mwenye ng'ombe anamlaumu aliyechanja. Aliyechanja anamlaumu aliyeuza dawa. Aliyeuza dawa anasema ng'ombe alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Wanaweza kubishana mwezi mzima. Dawa ya ubishi huo ni kumpasua ng'ombe wakiwa wote wamesimama pale, waone kwa macho.

"Injini ni hivyo hivyo," alisema. "Waranti ni ahadi ya aliyekuuzia. Anaahidi kwamba kitu kikiharibika kwa kosa la kiwandani, atakitengeneza. Sevisi ni kazi ya gereji, na gereji inawajibika kwa kazi yake. Kosa linaweza kuwa la kiwanda. Linaweza kuwa la gereji. Linaweza hata kuwa la dereva. Leo hakuna anayejua. Kwa hiyo usichague mmoja. Waandikie wote wawili, siku moja, maneno yale yale. Waombe waje wakague pamoja, na wewe ukiwepo."

Wilibrodi akampigia Vedasto, akamwambia asubiri. Kisha Nanyokie akaomba karatasi za gari. Cresensia akazitoa ndani ya mfuko wa plastiki: kitabu cha gari, risiti ya sevisi, na karatasi ya waranti. Nanyokie alishukuru kuona risiti ina tarehe na muhuri, na imeandikwa kilomita za gari. Kisha akampa Cresensia karatasi ya waranti.

"Mama Fabian, wewe ndiye dereva. Isome."

Cresensia alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Mstari mmoja ulisema mwenye gari atoe taarifa ya maandishi ndani ya siku saba tangu gari liharibike. Siku tano zilikuwa zimeshapita. Kumbe simu ya Wilibrodi haikuhesabiwa kuwa taarifa. Wilibrodi akashika kichwa. Cresensia akaendelea kusoma. Mstari mwingine ulisema waranti haitalipa ikiwa dereva aliendelea kuendesha wakati taa nyekundu ya oili inawaka.

Hapo kidole chake kikasimama. Akakunja karatasi, akasema anakwenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Asubuhi ya Alhamisi Nanyokie alikuja kabla ya kwenda kazini. Alipiga picha gari kwa simu yake, pande zote. Akainama akapiga na chini ya injini, ambako oili ilikuwa imetapakaa na kushika vumbi. Akawaambia wasifute kitu wala kuosha. Kisha wakakaa kuandika barua.

Wilibrodi alikuwa ameshika kalamu. Alipofika mahali pa kueleza gari lilivyozima, Cresensia akasema, "Kuna jambo sijasema."

Akaeleza. Akiwa chini ya kilima, taa ndogo nyekundu iliwaka, yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone. Hakuwa na uhakika maana yake. Mboga zilikuwa zimechelewa. Njia ilikuwa nyembamba na nyuma yake kulikuwa na gari la watalii. Alifikiri atafika loji kwanza ndiyo aulize. Aliendesha kama dakika tatu au nne. Kisha injini ikaanza kugonga.

"Siku zote hizi mnasema kosa la huyu, kosa la yule," alisema. "Mimi nasikiliza, na sijui kama kosa ni langu. Nimeogopa kuuliza."

Wilibrodi aliacha kuandika. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jambo hilo lisiandikwe. Nani aliiona taa? Hakuna. Wakiandika, wanajifunga wenyewe.

Nanyokie alisema uamuzi ni wao. Lakini aliwaambia anachokijua. Magari ya sasa yana kompyuta ndogo inayokumbuka taa zilizowaka. Fundi akija na kifaa chake, anaweza kuiona. Wakikutwa wameficha hilo, hata yaliyo kweli hayataaminiwa.

"Na tena," aliongeza, "taa haiwaki yenyewe. Iliwaka kwa sababu oili ilikuwa inatoka. Swali kubwa bado lipo: oili ya siku sita ilitokaje?"

Cresensia akamwangalia mume wake. Kisha akachukua kalamu mkononi mwake, akaandika mwenyewe. Aliandika tarehe ya sevisi. Aliandika tarehe ambayo gari lilizima, mahali, na kilomita. Aliandika kwamba taa iliwaka, na kwamba aliendelea kwa dakika tatu au nne kwa sababu hakuijua. Akaomba ukaguzi wa pamoja. Aliandika nakala nne: mbili za gereji, mbili za muuzaji. Nanyokie alikuwa amesema kila anayepokea agonge muhuri na tarehe kwenye nakala moja, na nakala hiyo irudi nyumbani. Alisema pia kwamba wakikataliwa, waombe kukataliwa kwa maandishi, ili wawe na kitu cha kupeleka kwenye ofisi za serikali zinazosikiliza malalamiko ya wateja.

Vedasto alipokea barua yake siku hiyo hiyo. Hakufurahi, lakini aligonga muhuri. Ijumaa, siku ya saba, Wilibrodi alipanda basi hadi Arusha. Dada wa mapokezi alitaka kuichukua barua bila kuandika chochote. Wilibrodi alisimama pale pale mpaka muhuri ukaletwa. Ijumaa hiyo loji mbili zilipata mboga kwa gari la kukodi. Loji ya tatu ilishampata mkulima mwingine.

Baada ya siku nane, fundi mkuu wa muuzaji alifika kutoka Arusha. Aliitwa Leonce. Vedasto naye alikuja, na Nanyokie aliomba ruhusa kazini. Leonce aliunganisha kifaa chake kwenye gari, akasoma. Akasema ni kweli, taa ya oili iliwaka, na injini ilizima muda mfupi baadaye. Akamtazama Cresensia.

"Umeandika dakika tatu au nne. Inaelekea ni hivyo."

Kisha akalala chini ya gari na kuifungua filta. Aliitoa polepole, akaileta kwenye mwanga. Kila filta ina mpira mwembamba wa duara unaozuia oili isivuje. Filta hiyo ilikuwa na mpira wake. Lakini pale ilipokuwa imefungwa kulikuwa na mpira mwingine, mkavu na mweusi. Ulikuwa wa filta ya zamani. Ulinata kwenye injini, na fundi hakuutoa. Mpira juu ya mpira haukai vizuri. Ulishika siku tano, na siku ya sita ukafyatuka.

Vedasto aliuchukua mpira ule mkavu, akaugeuza geuza mkononi. Mwishowe akasema, "Huu ni wetu."

Leonce alieleza msimamo wake. Kosa si la kiwandani, hivyo waranti yenyewe hailipi. Lakini gereji ile imeandikwa kwenye kitabu chao, na wao ndio waliowatuma wateja huko. Yeye na Vedasto walikwenda pembeni wakaongea kwa muda mrefu. Waliporudi walisema injini mpya italetwa kwa gharama zao wao wawili. Lakini Leonce alisema dereva angesimama mara taa ilipowaka, huenda injini ingepona. Kwa hiyo kazi ya kuifunga watailipia wenye gari.

Wilibrodi alitaka kubisha. Cresensia akamshika mkono.

"Ni sawa," alisema. "Niliendesha."

Wakaandika makubaliano, kila mmoja akaweka sahihi. Baada ya wiki mbili gari lilirudi barabarani. Loji ya tatu haikurudi, ila mpishi wake aliwaelekeza kwenye loji mpya iliyokuwa inafunguliwa upande wa Oldeani. Leonce aliwaachia pia waranti ya injini mpya. Cresensia aliisoma yote kabla hajaipokea. Na Wilibrodi, aliyesema jembe linamtosha, alimwomba mke wake amfundishe maana ya kila taa iliyo mbele ya usukani, hata kama haendeshi.

Sevisi iliyofuata Cresensia hakukaa kwenye benchi la nje. Alisimama kando ya fundi. Filta ya zamani ilipotoka, aliomba aione. Vedasto mwenyewe akaifuta kwa kitambaa, akampa. Cresensia akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Mpira ulikuwepo. Akainama akatazama pale filta ilipokuwa imefungwa. Pakavu, hapana kitu. Akamwambia fundi aendelee.