Mdomo wa Rose

Jua lilikuwa linazama Odeta alipomaliza kazi Igoma, anakochora vichwa vya warembo kwenye kuta za saluni. Alibeba kopo lake la rangi nyekundu na brashi, akaenda Kiseke kumchukua mdogo wake. Rose alikuwa kwa Mihayo, akichorwa. Mihayo alisifiwa na wasomi kwa kuwa hakuchora mtu alivyo. Jicho alilipeleka shavuni, pua aliikwangua kwa kisu. Odeta alimchukia. Kuharibu sura za watoto wa watu nayo ni kazi?

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulinuka damu mbichi...

Kwaru. Kwaru.

Mihayo alikuwa anakwangua picha. Rose alikuwa amefungwa kitini kwa kamba, macho yamemtoka. Chini ya pua yake palikuwa na ngozi tupu, laini kama kiganja.

Kwenye picha pia, mdomo haukuwepo.

Kisu kikapanda kuelekea jicho. Odeta akamtwanga Mihayo kisogoni kwa kopo, akamtwanga tena, mpaka mfupa ukaitika. Akamkaba pale chini.

"Mrudishie mdomo wake."

"Siwezi, dada," Mihayo alinong'ona, damu ikimtoka masikioni. "Mdomo wa kawaida... nimeshausahau."

Akakata roho.

Ngozi ya Rose ikaanza kutambaa, taratibu, ikifunika tundu za pua. Odeta akachovya brashi. Mkono wake ulijua mdomo mmoja tu, ule wa saluni: mwekundu, mpana, unaocheka. Akauchora pale kwenye picha huku akilia.

Rose akavuta pumzi.

Tangu siku hiyo anacheka. Akila anacheka, akilala anacheka. Mwezi uliopita walipomzika mama yao, Rose alisimama kando ya kaburi meno yote nje, machozi yakimtiririka. Waombolezaji wakatazamana. Neno likaanza kupita chini chini: mchawi. Jana jioni walikuta panga limechomekwa mlangoni kwao, na hakuna jirani aliyeona kitu.

Leo Rose ametoa picha ile uvunguni, pamoja na kisu cha Mihayo. Amepiga magoti mbele ya dada yake.

"Futa, dada."

Damu ni nzito kuliko maji. Odeta alishaua kwa ajili yake. Sasa amekishika kisu. Rose anamtazama, anacheka, anasubiri.

Nje, watu wameanza kukusanyika.