Pumba Kizingitini

Maji yalimwishia Gangavva magharibi, saa ambayo mwanamke mwenye akili zake ameshafunika mtungi na ameshafunga mdomo. Lakini mchana kutwa mtoto alikuwa akilia, na mtungi haujai kwa kubembeleza mtoto.

"Nenda, nitakaa naye," alisema bibi Sankavva, jirani yake, huku akikaa chini na magoti yakilia kama mlango mbovu. "Ila ukichelewa namwacha. Taa ya kwangu haiwashwi na paka."

"Sichelewi, bibi."

"Wote husema hivyo. Na ukikutana na mtu ziwani, usimdanganye."

Gangavva hakuuliza mtu gani. Alikwisha kuambiwa.

Yeye na mumewe Kariyappa walikuwa wageni pale. Walifika kabla ya mvua, wametoka upande wa ukame na mzigo wa kichwani tu, wakapewa nyumba ya mwisho kabisa chini ya kilima cha mawe. Nyumba ya bure. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini nyumba nzima, na zizi lake, imekaa wazi wakati wenyeji wanalala wanne chumba kimoja. Kariyappa hakujiuliza. Kariyappa ukimpa tandiko anakushukuru kwa farasi.

Kile kilima kina Mwenyewe. Jina lake halitajwi. Mwenyewe hashuki; mgeni akiingia ardhini mwake, humtuma mjumbe amtazame ni mtu wa namna gani. Na mjumbe haji na sura yake.

"Kwangu alikuja muuza bangili," Sankavva alimsimulia siku za mwanzo. "Nilikuwa bibi harusi, hata manjano ya mwilini hayajatoka. Akanishika mkono kupima bangili. Vidole vyake, mwanangu, vilinizunguka mkono mara mbili. Akaniuliza kama nampenda mume wangu. Nikamwambia kweli: hapana. Akacheka, akaniachia bangili za kijani na hakutaka hata chembe ya mtama."

"Na waliokaa nyumba hii kabla yetu?"

"Hao walimdanganya."

"Walimdanganya nini?"

"Wangebaki, ningewauliza."

Basi Gangavva alichukua mtungi akaenda.

Ziwa lile limekaa katikati ya majabali makubwa, na juu ya majabali ndiko waliko nyani. Kila jioni hupigana, hutukanana, hutupiana makokwa, kelele tupu. Jioni ile walikuwa wamekaa kimya. Wamejipanga juu ya mawe, mikono magotini, kama watu waliokuja msibani.

Wote wanatazama sehemu moja.

Kwenye ngazi za maji alikaa mtu wa Mungu, mzee, kavaa kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu, majivu usoni, bakuli la kuombea mapajani. Harufu ikamjia Gangavva puani: manyoya yaliyolowa, na maua ya hekaluni yaliyokaa mpaka yakaoza.

"Mama," alisema yule mzee, "maji hayo unampelekea nani?"

Sauti ilikuwa nzuri. Nzuri mno. Kila neno limekaa mahali pake, halijakwaruza lingine. Watu wa pale husema huku wanatafuna. Huyu alisema kama mtu aliyefundishwa na aliyeanzisha maneno.

"Nyumbani, baba."

"Nyumba ya nani?"

"Tuliyopewa."

"Hukusema yako," alisema mzee, akatabasamu. Meno yake yalikuwa meupe, na yalikuwa mengi kuliko umri wake.

Gangavva alijitwika mtungi. Hakukimbia, maana mwenye mtungi kichwani hakimbii, lakini hakuna aliyewahi kutembea vile. Alipofika penye mti wa mwarobaini aligeuza shingo. Mzee alikuwa amekaa vilevile kwenye ngazi, mdogo kwa mbali, na nyani wake.

Ahaa. Amebaki, alijiambia.

Nyumbani Sankavva alikwisha kuondoka, kama alivyoahidi. Taa ndogo ya mafuta ilikuwa inawaka kwenye kishubaka cha ukutani. Susu ya mtoto, ile sari kuukuu iliyofungwa kwenye boriti kwa kamba, ilikuwa inayumba polepole.

Na nje ya kizingiti, bakuli mapajani, amekaa yule mzee.

Kitambaa chake kikavu. Lakini juu ya jiwe la mlangoni zilikuwapo nyayo za maji, mbichi, zimetoka upande wa kilima. Kidole kikubwa cha kila unyayo kilikaa kando, peke yake… kama gumba la mkono.

"Nina njaa, mama."

Sasa ungefanya nini? Ungefunga mlango? Kwao, mgeni mwenye njaa akifukuzwa magharibi anaondoka na baraka za nyumba, anaacha dhambi zake mlangoni. Mtoto wa kunyonya analijua hilo. Gangavva alipita ubavuni mwake amebana pumzi, akatua mtungi, akaleta mkate wa mtama wa mchana.

"Hauna kitoweo," alisema mzee.

"Kitoweo kina chumvi, baba. Taa ikishawaka, chumvi haitoki ndani. Nisamehe."

"Nyumba inayoshika miiko." Mzee aliuweka mkate bakulini, hakuula. "Na mwenye nyumba yuko wapi?"

"Machimboni, anapasua mawe. Anavuka mto sasa hivi."

"Kwenu mliondoka kwa nini?"

"Njaa."

Taa ikashuka.

Hapakuwa na upepo. Ulimi wa moto ulijikunja tu, ukawa kama punje ya mtama, na kiza kikatoka kwenye pembe za chumba kikaja kukaa karibu.

"Njaa peke yake?" aliuliza mzee kwa upole.

"Na… mume wangu alimpiga mnyapara wa mwenye shamba. Alimvunja taya. Tuliondoka usiku."

Taa ikapanda.

Hapo akaelewa. Akakaa chini palepale, mkono mmoja umeshika ukingo wa susu. Mtoto alikuwa macho. Halii. Anatazama juu, kwenye boriti.

Na mzee naye sasa alikuwa anaitazama susu.

Gangavva aliliona swali kabla halijatoka, na hilo ndilo swali pekee duniani ambalo hakuweza kulijibu. Alikwisha kuzika watoto wawili. Wote waliondoka kabla ya jino la kwanza, wanene, wazuri, wanacheka, kesho yake baridi. Huyu wa tatu alipozaliwa Sankavva hakumwacha hata anyonye. Alimbeba, akamviringisha kwenye jalala la samadi nyuma ya zizi, akamlaza kwenye ungo. "Unauza bei gani takataka hii?" Gangavva akajibu alivyofundishwa: "Konzi ya pumba." Sankavva akatoa pumba, akamchukua mtoto, kisha akamrudishia anyonyeshe kama mtu anayelea mtoto wa mwenzie. Jina akapewa Tippavva, ndiyo kusema wa jalalani. Hakuogeshwa vizuri, hakusifiwa, akapakwa masizi shavuni. Yule aliyewachukua wawili hana haja na takataka. Ila sharti ni moja: mpaka jino litoke, mama asimwite wake. Hata mara moja. Hata kwa kunong'ona.

Fizi za mtoto zilikuwa bado tupu.

"Huyu," alisema mzee, "ni wa nani?"

"Si wangu."

Taa ikashuka.

"Nilimwokota jalalani."

Ikashuka zaidi. Ikabaki nukta nyekundu. Susu ikaacha kuyumba, palepale, katikati ya mwendo, kana kwamba imeshikwa.

"Basi hana mwenyewe," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na masikitiko ya kweli. "Kitu kisicho na mwenyewe, mama, ni cha kilima."

Juu ya boriti kitu kilisogea.

Krrr… krrr…

Vumbi la paa likamwangukia Gangavva usoni. Aliinua macho. Kamba ya susu ilikuwa inafunguka. Fundo lilikuwa linajilegeza, taratibu, kwa utulivu wa mtu mwenye vidole virefu na muda wa kutosha. Akamtazama mzee: mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya bakuli.

"Ni wa Sankavva!" alisema haraka. "Bibi wa nyumba ile. Alimnunua."

Taa haikushuka wala haikupanda. Fundo likatulia.

"Alimnunua kwa bei gani?"

"Konzi ya pumba."

"Akampa nani hizo pumba?"

"Mimi."

"Mtu huuza kilicho chake," alisema mzee. "Au ulimuuza mtoto wa wizi?"

Gangavva aliukaza mkono kwenye ukingo wa susu. Akikubali, yule aliyewachukua wawili atasikia. Akikana, huyu atachukua. Mmoja nje, mwingine… nani ajuaye yuko wapi.

Krrr.

"Mama. Mimi ni wa kutumwa tu. Naulizwa, nauliza. Wa nani?"

Kamba iliteleza. Upande mmoja wa susu ulishuka, na mtoto akaviringika kuelekea ukingoni. Ndipo akalia.

Gangavva alimdaka, akamkumbatia na vumbi lake lote.

"Wangu!" alipiga kelele. "Ni wangu! Nimemzaa mimi, nimempasukia mimi, anaitwa Tippavva na ni mzuri, umesikia? Mzuri kuliko wote! Wangu!"

Taa ililipuka kuwa ulimi mrefu, chumba kikawa cheupe.

Mzee akainuka. Aliinuka mrefu kuliko alivyokaa. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeletewa alichokuja kukitafuta.

"Nimesikia," alisema.

Kisha akatazama juu, kwenye boriti, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha woga.

"Tena si mimi peke yangu niliyesikia."

Akaondoka. Na nyani wote wa kilima wakapiga ukelele kwa pamoja.

Kariyappa alirudi kiza kimeshaingia, amelowa mpaka magotini, anapiga mluzi. Alimkuta mkewe kajibana pembeni na mtoto kifuani, mlango wazi.

"We mwanamke, umefukuzwa na panya?"

"Funga susu."

"Nimeifunga juzi tu mimi, imekufanya ni—"

"Kariyappa. Funga susu."

Alipanda juu ya kinu, akanyoosha mikono kwenye boriti. Mluzi ukamkatika. Kariyappa kuacha mluzi, hilo nalo ni jambo.

"Kamba imeshafungwa," alisema hatimaye. "Ila hili fundo si langu. Sijawahi kuona fundo la hivi."

Alijaribu kulifungua. Lilimshinda. Ikabidi akate kamba.

Asubuhi Gangavva alipofungua mlango alikuta konzi ya pumba kizingitini. Zimewekwa vizuri, chungu kidogo, ncha juu. Kuku wake mwekundu alikwisha kufika, na alikuwa anadonoa.

Sankavva aliitwa, akaja anachechemea na mswaki wa mwarobaini mdomoni. Aliambiwa yote. Alichutama, akazipekua pumba kwa kidole, akazinusa.

"Si zangu. Zangu za mtama. Hizi sijui za nini."

"Maana yake nini, bibi?"

"Maana yake wa kilimani amekulipia bei ya kunirudishia. Ulisema ni wako, basi mauzo yamevunjika, mtoto amerudi kwako. Amekuonea huruma. Mshukuru, uwashe taa kilimani."

"Na kama si yeye aliyeziweka?"

Sankavva alitema mate ya mwarobaini upande.

"Nani mwingine?"

"Kama ni yule mwingine. Kama si kurudisha… kama ni kununua?"

Bibi yule, ambaye hakuwahi kukosa la kumjibu mtu tangu alipoota meno mpaka yalipoanza kung'oka, aliutoa mswaki mdomoni. Alimtazama kuku.

"Pumba bila kupokelewa si bei," alisema mwishowe. "Hukuzipokea. Hukuzigusa."

"Kuku ni wangu, bibi."

"Kuku ni kuku!" Sankavva alifoka, lakini alimkamata yule kuku kwa miguu, akaondoka naye, na hakuna aliyesikia harufu ya mchuzi kutoka kwake siku hiyo wala kesho yake.

Tippavva aliota jino. Akaota yote. Leo ni msichana mwenye kiuno na mdomo, anambishia baba yake, anateka maji mwenyewe. Akipita ziwani nyani hunyamaza, hujipanga juu ya mawe, mikono magotini. Yeye hucheka, husema nyani wanampenda.

Mama yake hacheki. Kila alfajiri, nyumba nzima bado imelala, kuku wamefungiwa tengani na jiwe juu, Gangavva ameshaamka. Hufungua mlango taratibu, huinama, hupapasa kizingiti gizani kwa kiganja chake.