Uso Uliosafishwa

Mke wa fundi saa hakuwa na kidoti shavuni. Alifariki miaka tisa iliyopita, siku ileile aliyomzaa binti yao, lakini mume hasahau shavu la mkewe. Sasa usoni pake kwenye televisheni mpya, pana kama mlango, kidoti kilikuwepo, cheusi tii, na unywele mmoja juu yake. Akaiacha picha iendelee. Mtoto alikuwa na furaha mno.

Maskini, mtoto alimjua mama yake kwa mkanda mmoja tu wa harusi, tena wa chengachenga. Ndipo baba akaupeleka kwa mpiga picha ausafishe kwa mashine, uwe na huu ubora wa juu kabisa ambao siku hizi kila mtu anautaka. Jamaa akausafisha, na mkanda wenyewe, kama kawaida yake, akautupa.

"Wa nini tena, mzee? Humu utahesabu hadi kope!"

Na kweli zilihesabika.

Siku ya tatu, mchana kweupe, sebule ikanuka nywele zilizoungua. Bibi harusi alikuwa akiwapungia wageni mkono, mara akaacha, akageuza shingo taratibu kumwelekea mtoto pale mkekani, na midomo yake, iliyoonekana hadi mikunjo, ikamwita kwa jina, yeye ambaye siku ya harusi hakuwa hata amezaliwa, na mtoto akanyanyuka, akaweka kiganja kwenye kioo, na kule ndani kiganja kingine kikaja kukutana nacho.

Baba alimvuta kwa nguvu zote, akakimbilia kwa mganga. Mganga alipofika hakuvuka kizingiti.

"Picha ya zamani ilikuwa na mapengo," alinong'ona. "Mashine imeyajaza kwa kubahatisha, na huyu, ambaye si mkeo, amepata pa kukaa. Futa."

"Nikifuta, sina nyingine."

"Basi chagua, ndugu yangu. Picha au mtoto."

Akafuta, huku analia kwa kwikwi. Harufu ikaisha, nyumba ikatulia.

Jioni binti akamsogelea. "Baba, nisimulie basi. Mama alikuwaje usoni?"

Fundi saa akafumba macho amtafute mkewe. Aliyekuja alikuwa yule mwingine, mwenye kidoti. Akajaribu tena, na tena, akarudi hadi siku walipokutana, na hata huko alimkuta yuleyule, akimsubiri.

"Alikuwa mzuri, mwanangu," akasema, na akaogopa kufumba macho tena.