Aliyemgeuza Bibi Teresia

Lea alimwacha mama mkwe wake ametazama mlango. Aliporudi mchana, Bibi Teresia alikuwa ametazama ukuta.

Mtu aliyevunjika nyonga hajigeuzi. Bibi alilala hospitali kule Kilosa wiki sita, na siku ya kuruhusiwa nesi alimwonya Lea mbele ya watu: "Mgeuze asubuhi, mchana na jioni. Mkande mgongo, msimamishe kidogo kidogo. Ukimwacha upande mmoja ataoza angali hai." Kwa ajili hiyo balozi wa nyumba kumi, Mzee Anselmi, alimwondolea Lea zamu ya shamba la kijiji. Wenzake watoke na majembe kila alfajiri, yeye abaki auguze. Mumewe alikuwa kibaruani Mikumi.

Hakubaki. Wala si uvivu, msimsingizie, ni uchoyo. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha kutoka ng'ambo ya mto, na mahindi yake yalibaki yamesimama kule kwenye mahame, makazi yao ya zamani. Kijiji kikishakuwa kitupu, Lea huyoo, na jembe lake. Asubuhi ile, akiwa peke yake kati ya kuta zilizobomoka, alisema kwa sauti, mpumbavu yule: "Nyie mliobaki huku, hakuna hata mmoja wa kwenda kunigeuzia kile kizee?"

Mahameni hapaombwi kitu. Hata mtoto anajua.

"Mama, nani kakugeuza?" Lea aliuliza aliporudi.

"Si wewe? Umeshasahau?" Bibi Teresia akacheka kidogo. "Mikono yako leo baridi, mwanangu. Lakini kukanda umejua."

Chumba kilinuka udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi wa pili huo.

Lea akaitikia, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

Uongo huo akaulalia na kuuamkia. Kila alipotoka, akirudi anakuta bibi ameogeshwa, kasukwa nywele, kidonda cha kulala alichokuwa nacho mgongoni kinafunga. Wiki haijaisha, bibi akashika ukuta akasimama. Mzee Anselmi alipoona, akamsimamisha Lea mkutanoni. "Kina mama, mtazameni huyu! Huyu ndiye mkwe!" Wakampigia makofi. Lea akainamisha uso, watu wakadhani ni adabu.

Siku ya tisa makofi yale yalimkosesha raha, akaacha jembe kabla jua halijafika utosini. Kijiji kilikuwa kimya, hata kuku hawakuparura, na kadiri alivyoukaribia ua wake ndivyo ile harufu ya udongo ilivyozidi kumjaa puani, akasikia mtu anaimba ndani, na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, akachungulia kwenye ufa wa ukuta akaona mgongo wake, na khanga yake ileile aliyokuwa kaivaa saa ile, na mikono mirefu isiyo na viwiko imevuka kitanda kutoka upande huu hadi upande ule, inakanda, inakanda, kwa upole ambao yeye hajawahi kumpa hata mtoto aliyemzaa.

"Lea mwanangu," Bibi Teresia akanong'ona, "kuna mtu nje."

"Mwache, mama," ikajibu sauti ya Lea. "Ni yule anayekula sifa zangu."

Lea alikimbia hadi shamba la kijiji akipiga mayowe.

Kesho yake akaletwa mganga kutoka Masanze, Mzee Mwinshehe, na nyumba zote kumi zikajaa mlangoni. Akafukiza ubani. Kinywa cha bibi kisicho na meno kikafunguka, ikatoka sauti ya Lea.

"Niliitwa kazini. Aliyeniita aseme hapa, mbele ya hawa, lini mara ya mwisho alimgeuza mama huyu kwa mkono wake. Akisema, naenda."

Mganga akamwinamia Lea. "Sema, mama. Hili halitoki kwa ubani."

"Ni aibu, mzee."

"Nyamaza basi. Kesho hicho ndicho kitakuwa Lea, nawe utapiga hodi kwako uulizwe wewe nani."

Lea akawageukia watu. "Tangu... tangu siku ya pili baada ya kutoka hospitali. Nilikuwa mahameni, napalilia mahindi yangu."

Hildegarda, jirani yake, alishika tumbo lake la miezi minane akasema taratibu, "Na zamu yako ya shamba la kijiji nililima mimi. Nikiwa na mzigo huu."

Upepo ukapita katikati ya miguu ya watu ukatoka nje, na harufu ya udongo ikatoka nao.

Sasa Lea anamgeuza bibi asubuhi, mchana na jioni, kwa mafuta ya nyonyo na mikono yenye joto. Bibi Teresia anajikaza kama gogo, amefumba macho. Kila mchana huita, majirani wote wakisikia.

"Lea!"

"Abee, mama."

"Si wewe."