Jicho la Taa Lilipovishwa Kofia

Mama Mapazia ana kibanda kwenye njiapanda kubwa, karibu na taa za barabarani. Yeye anashona mapazia. Mume wake anapanda ngazi na kuyatundika kwenye kamba zilizofungwa kwenye nguzo ya taa, ili watu wa kwenye magari wayaone. Taa ikiwa nyekundu, magari husimama. Kioo cha dirisha hushuka, na mtu huuliza bei. Kwa hiyo wao hawaichukii taa nyekundu kama watu wengine.

Kibanda cha jirani ni cha fundi redio. Ni mzee, na wote wanamwita Babu Redio. Cherehani ya Mama Mapazia ikigoma, Babu huifungua na kuitengeneza. Babu akisahau miwani, Mama Mapazia humsomea namba ndogo zilizoandikwa kwenye vipuri. Wameishi hivyo muda mrefu.

Siku moja mafundi walikuja na gari lenye ngazi ndefu. Walifunga kisanduku cheupe kwenye nguzo ya taa. Mbele kilikuwa na kioo cheusi cha duara, kama jicho. Walimaliza kazi wakaondoka. Hawakumweleza mtu kitu. Wiki hiyohiyo, askari wa manispaa walikuja kuwafukuza wachuuzi.

"Mmeona?" mume wa Mama Mapazia alisema. "Lile jicho linatupiga picha. Picha zinakwenda kwa wale jamaa."

"Nani kakwambia?" Babu Redio aliuliza.

"Babu, niambiwe na nani, na mimi nina macho yangu?"

"Nalo lina jicho lake. Nenda basi mkatazamane."

Watu walicheka. Lakini hakuna aliyekwenda kuuliza kwa wenye kazi yao.

Jioni ile Mama Mapazia alichukua kitambaa kizito cheusi, kile kinachowekwa nyuma ya pazia kuzuia jua. Alishona kifuko. Ukingoni alitia mpira, upepo usije ukakivua. Asubuhi na mapema mume wake alipanda ngazi akakivisha kisanduku. Kifuko kilikaa vizuri kama kofia ya mtoto mchanga.

Wachuuzi walipofika walipiga makofi. "Mama Mapazia, mikono yako ina akili," muuza nyanya alisema. Siku zilizofuata askari hawakuonekana. Basi wakaamini dawa imekubali. Mama Mapazia alitembea kifua mbele.

Kisha ikaja siku ile.

Ilikuwa mchana, jua kali. Babu Redio alikuwa anaunga waya. Ghafla koleo ilimdondoka. Alitaka kusema neno, mdomo ukaenda upande. Mama Mapazia alimdaka kabla hajaanguka. Alimlaza, akakiweka kichwa chake mapajani. Mume alipiga simu ya dharura.

Haukupita muda, wakasikia king'ora. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja. Walikwisha kuliona ng'ambo ya njiapanda, nyuma ya msururu wa malori. Taa ya upande wake ilikuwa nyekundu. Magari ya upande mwingine yalipita tu, moja baada ya jingine. King'ora kililia, kikalia. Malori yalibanana, hayakuwa na pa kujisogeza.

"Si lipite jamani," muuza nyanya alisema. "Linangoja nini?"

Mama Mapazia aliushika mkono wa Babu. Ulikuwa mzito kama si wake. Gari lilikuwa pale, analiona, na halifiki.

Mwishowe taa ilibadilika. Wahudumu wakafika mbio, wakamweka Babu kwenye machela. Mmoja wao alifuta jasho.

"Taa zote tangu hospitali zimetufungulia njia," alisema. "Hii yenu tu ndiyo imetugomea. Sijui ina nini."

Mama Mapazia aliinua macho kwenye nguzo. Kofia yake ilikuwa pale pale. Alimtazama mume wake. Mume wake alikuwa anatazama viatu.

Kesho yake alikuja fundi wa taa, mwanamke wa makamo mwenye kofia ngumu ya njano. Alipanda ngazi. Aliposhuka, alikuwa ameshika kile kifuko. Alikigeuza nje ndani, akavuta mpira.

"Kazi safi," alisema. "Nani kashona?"

Wale waliopiga makofi walianza kupanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

"Watoto hao, dada," mume alisema. "Watoto wa siku hizi unawajua."

Mama Mapazia alihisi uso unawaka. Kushona vile mtoto hawezi. Kila mtu pale alijua ni mkono wa nani. Angeweza kunyamaza. Lakini kibanda cha Babu kilikuwa kimefungwa, na koleo bado ilikuwa chini.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nimeshona mimi. Tulidhani hilo jicho linatupiga picha."

Fundi wa taa hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye kigoda akaeleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa dawa.

"Hiki kinaitwa kihisi. Hakipigi picha. Hakijui pazia wala nyanya. Juu ya gari la wagonjwa kuna taa ndogo inayomwekamweka. Macho yetu hayaioni. Kihisi kinaiona, gari likiwa bado mbali. Kikiiona, kinaipa taa habari: upande huu kijani, pande nyingine nyekundu. Magari ya mbele yanatembea, msururu unakwisha, na gari la wagonjwa linafika njia ikiwa wazi. Gari la zimamoto nalo ni vivyo hivyo."

"Na jicho likifunikwa?" Mama Mapazia aliuliza.

"Linakuwa kipofu. Taa inafuata zamu zake za kawaida, haijui kama kuna mtu anakufa."

"Mbona hamkutuambia mlipolifunga?" muuza nyanya aliuliza.

Fundi wa taa aliinamisha kichwa. "Hapo mna haki. Tulipaswa kuwaambia. Na nyinyi mlipaswa kutuuliza. Namba ya simu ya ofisi iko kwenye nguzo, chini ya hizo kamba zenu."

Kumbe ilikuwepo. Walikuwa wameifunika kwa mapazia.

Babu Redio hakufa. Alirudi nyumbani, lakini mkono wake wa kulia haukurudi wote. Mama Mapazia alizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kubisha hodi. Alimweleza kila kitu, macho chini.

Babu aliongea polepole, kwa mdomo uliopinda kidogo.

"Ulijua ni kitu gani?"

"Sikujua, Babu."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi kosa lako liko hapo, mwanangu. La kutojua nakusamehe. La kutouliza, ngoja kwanza."

"Daktari anasema kuchelewa ndiko kulikouharibu mkono?"

"Anasema ugonjwa huu hautaki kuchelewa. Zaidi ya hapo hasemi. Nami simuulizi." Akacheka kidogo. "Unaona? Hata mimi siulizi."

Mama Mapazia hakuweza kucheka.

Tangu hapo mambo yamebadilika pale njiapanda. Mama Mapazia alipita kwa kila mchuuzi, akaeleza, bila kumtaja mume wala mtu mwingine. "Nilikosea mimi," alianza hivyo kila mahali. Mume wake aliondoa kamba zote kwenye nguzo, akachimbia nguzo zake mwenyewe pembeni. Tawi la mti lilipoanza kuziba jicho, walipiga simu ofisini, likakatwa. Na madereva wa malori wanaokula pale wameambiwa: ukisikia king'ora, sogea pembeni usimame, na gari likishapita usilifuate nyuma.

Babu amefungua tena kibanda. Mkono wa kushoto unachomelea waya. Wa kulia hauwezi kushika kitu kidogo. Kwa hiyo kila alasiri Mama Mapazia huacha cherehani na kwenda kumshikia vipuri.

Juzi alikuwa ameshika kipande cha redio kwa vidole viwili. King'ora kikasikika mbali. Taa ilikuwa nyekundu. Kabla gari halijatokea, ikawa kijani. Malori yakaondoka. Gari la wagonjwa likapita bila kupunguza mwendo. Wachuuzi walipiga makofi.

Mama Mapazia hakupiga. Mikono yake ilikuwa na kazi.

"Limepita?" Babu aliuliza, macho kwenye waya.

"Limepita."

"Haya. Shika vizuri, usitetemeke."