Upindo wa Gauni la Bibi

Kila asubuhi, Babu akiwa bado anakunywa chai, Bibi aliingia chumba cha mbele, akaketi karibu na dirisha na kutunga nyuzi kwenye sindano. Alizichomeka kwenye kijimto kwa safu: kushoto nyuzi nyeupe, zikifuatiwa na za bluu, kisha za rangi ya damu ya mzee, na mwisho kabisa nyeusi. Akimaliza, aliondoka kimyakimya kama mtu aliyekuwa akipita tu. Babu alipoingia kazini, alizikuta sindano zinamsubiri. Hakuuliza nani amezitunga, na Bibi hakusema.

Babu alikuwa fundi cherehani, na watu walimsifu hasa kwa upindo wake. "Upindo wa mashine ni wa haraka," alipenda kusema. "Upindo wa mkono ni wa heshima." Vidole vyake viliijua kazi hiyo hata macho yakitazama barabarani. Lakini kutunga uzi kulikuwa kumemshinda siku nyingi. Hilo hakumwambia mtu.

Mjukuu waliyekuwa wakiishi naye alikuwa msichana wa darasa la tano. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu alianza kuzungumza kabla ya kufumbua macho na kunyamaza baada ya kusinzia. Kazi yake baada ya shule ilikuwa kuokota pini na kufagia vipande vya vitambaa. Kitu kimoja tu alikatazwa.

"Kijimto hakiguswi," Babu alikuwa amemwambia. "Hata kikikusalimia, usiitikie."

Wiki ile nyumba nzima ilikuwa na furaha. Babu na Bibi walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jumamosi wangepanda treni kwenda mji walikofunga ndoa, mji ambao hawajaukanyaga tangu ujana wao. Babu alikuwa akimshonea Bibi gauni la bluu iliyokoza kwa ajili ya safari hiyo.

"Gauni litakwisha lini, mzee?" Bibi aliuliza. "Isije ikawa napanda treni na nguo ya jikoni."

"Bibi harusi hana haraka."

"Bibi harusi wa miaka hamsini anayo! Muda wenyewe uko wapi?"

Alhamisi mchana, Babu akiwa amejinyoosha chumbani na Bibi ameenda sokoni, Kasuku aliona sweta lake la shule limetoboka kiwiko. Sweta lilikuwa la damu ya mzee, na uzi wa rangi hiyo ulikuwa pale pale mbele yake. Akakivuta kijimto, akachomoa sindano, akashona haraka haraka. Mara akasikia Babu anakohoa. Akairudisha sindano mahali pake, akakisukuma kijimto kando ya cherehani, akatoka mbio.

Aliporudi na ufagio, Babu alikuwa katikati ya upindo wa gauni. Kasuku akasimama ghafla. Kwenye kitambaa cha bluu, uzi uliokuwa ukipita ulikuwa wa damu ya mzee! Akatazama kijimto. Alikuwa amekirudisha kinyume, nyuzi nyeusi ziko kushoto. Babu alikuwa akipapasa kwa kidole, safu ya kwanza, safu ya pili, na kuchukua.

Kasuku alifungua kinywa. Kisha akakumbuka: kijimto hakiguswi. Akakifunga, akaendelea kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa tayari.

Ijumaa jioni shangazi yake alifika kuwaaga wasafiri. Bibi akavaa gauni, akazunguka katikati ya chumba cha mbele kama msichana. Wote walipiga makofi, kisha shangazi akainama.

"Baba, huu uzi vipi?"

Babu aliusogeza upindo dirishani, karibu kabisa na pua.

"Macho yamenishinda," alisema taratibu. "Na yamenishinda kwenye nguo ya mke wangu."

Akachukua shuka, akaifunika cherehani. Shangazi alijaribu kumtania, lakini Babu hakucheka.

"Kushona basi. Na safari nendeni ninyi wawili, wewe na mama yako. Mtu asiyejua bluu na damu ya mzee atampotezea mwenzake njia stesheni."

"Bila wewe siendi popote," Bibi alisema, akaenda kuvua gauni.

Wakati wa chakula, Kasuku hakuongea. "Leo kasuku wetu kameza nini?" shangazi aliuliza. Hakuwa amemeza kitu. Kila akiinua macho, aliiona cherehani iliyofunikwa. Mwishowe alisukuma sahani, akamwendea Babu.

"Babu, si macho yako. Ni mimi." Machozi yakamtoka. "Nilikigusa kijimto, nikakigeuza. Halafu nilikuona unashona kwa uzi wa rangi nyingine, nikanyamaza."

Babu alimtazama. "Uliniona, ukanyamaza?"

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

"Basi hilo ndilo lililoniuma, mjukuu wangu, si uzi." Akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa pembe ya shati lake. "Lakini tuseme kweli yote. Mwenye macho mazima angeuona uzi huo hata kijimto kigeuzwe mara mia. Mimi nilikuwa nahesabu safu kwa kidole. Nikamficha bibi yako."

"Ukamficha nani?" Bibi alisema. "Tangu lini sindano zikajitunga zenyewe, mzee? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi nilikusaidia kuyaficha, nikidhani ndiyo mapenzi."

Jumamosi hawakwenda stesheni. Walikwenda kwa daktari wa macho. "Ndoa ya miaka hamsini haichachi kwa wiki moja," Bibi alisema. Daktari alimpa Babu dawa na kumpimia miwani, akamwambia kuwa angechelewa zaidi, macho yangeharibika kabisa.

Siku alipoivaa miwani, kitu cha kwanza Babu alichokitazama kilikuwa uso wa Bibi.

"Kumbe umezeeka!"

"Mimi nilikuona wewe siku nyingi," Bibi alijibu. "Nilinyamaza kwa heshima."

Kasuku alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile aliufumua upindo mwenyewe, mshono kwa mshono, na Babu akamfuata nyuma akiushona upya kwa uzi wa bluu alioutunga kwa mkono wake. Kilipobaki kipande kidogo cha uzi wa damu ya mzee, Bibi akawazuia. "Hapo padogo paacheni palivyo. Napataka."

Wiki iliyofuata, Kasuku na shangazi waliwasindikiza stesheni, na kabla ya kupanda Babu alimshika Kasuku bega.

"Kosa ukilificha halipotei," alimwambia. "Mtu mwingine huliokota, akadhani ni lake. La kwako nililiokota mimi, likanilemea. Ukikosea, sema mapema, mwenye mzigo ajulikane."

"Nimesikia, Babu."

Treni ilianza kwenda. Bibi akachungulia dirishani, akainua pindo la gauni lake, akaonyesha pale padogo penye uzi wa damu ya mzee, huku akicheka. Babu alikuwa amemshika mkono.