Uzi Mwekundu wa Bwera

Bulembia, 1976. Chumba cha nyuma cha baa.

Bwambale alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na jina: Biira. Mkewe huyo alikaa ng'ambo ya mpaka, rehani kwa Xavier, mnunuzi wa kahawa ya magendo. Mzigo ukifika, anarudi. Usipofika, basi tena.

"Mara ile tulichelewa mtoni, askari wakatukuta," Bwambale alisema. "Tukalaumu lori. Tukalaumu wapagazi. Uongo. Nimepima kila kazi kwa saa. Kinachokula wakati ni Xavier kuchoma kila gunia na chuma chake chenye ncha, aone kama ndani iko kahawa."

Kezironi, mkubwa wao, alikuna kidevu. "Tufanye nini?"

"Tuchome huku ghalani, wengine wakibeba. Gunia zuri linafungwa uzi mwekundu. Xavier akiona uzi, anapitisha. Amekubali."

"Nitachoma mimi."

Alisema upesi mno. Lakini nani humhoji mkubwa akijitwisha kazi?

Jumapili, saa tatu asubuhi. Rukoki, kwenye ghala la kahawa.

Walinzi kanisani. Ojara, aliyefukuzwa jeshini, akavunja kufuli. Kezironi akachoma, akafunga uzi. Wenzake wakabeba bila kuuliza, lori likajaa mapema kuliko siku zote.

"Tangulieni," Kezironi akasema. "Nafunga ghala, nafuata."

Saa sita. Bwera, mtoni.

Wapagazi walivuka maji yakiwafika mapajani, Bwambale na Ojara nyuma yao. Ng'ambo, Biira akiwa amesimama kando yake, Xavier akashika nyuzi, akacheka. "Leo muko mbio sana. Nachoma moja tu."

Akachoma. Zikatoka pumba za kahawa, zimeloweshwa maji ziwe nzito. Akachoma la pili. Pumba.

"Kezironi iko wapi?"

Ojara akatema mate. "Mshenzi yule. Saa hii anapakia kahawa kwa lori ingine." Akavuka mto kurudi, akawasha lori, akaondoka. Hakumwita Bwambale. Ndio urafiki wa majambazi huo: mzigo ukiharibika, kila mtu na roho yake.

Watu wa Xavier wakamsogelea Biira. Yeye alimtazama mumewe.

"Nani aliwaambia magunia yasichomwe huku?" akamuuliza.

Bwambale angeweza kumtaja Kezironi.

"Ni mimi. Nilitaka iende upesi, urudi nyumbani."

"Basi wahi nyumbani," Biira akasema, akageuka mwenyewe kuelekea kwa watu wa Xavier kabla hawajamshika.